Sarafu Moja, Maradhi Mbalimbali

Wako wasemao kwamba nchi zenye fedha moja huugua ugonjwa mmoja. Sivyo, ndugu. Tulipotumia pamoja shilingi ya Afrika Mashariki, Kenya iliumia mwaka 1960 kwa kuwa walowezi walihamisha fedha zao. Sisi tuliumia baada ya 1964, bei ya mkonge ilipoanguka. Bodi ya Sarafu, kazi yake kubwa kubadilisha shilingi kwa pauni, haikuwa na dawa. Juni 1966 tukafungua Benki Kuu yetu.

Mkataba wa 2013 uliahidi sarafu moja ya Jumuiya ifikapo 2024. Haikuja. Sisi wa Mbalibali twaitaka, maana kubadilisha fedha Sirari ni hasara. Lakini wajumbe wetu waulize kwanza: kahawa ya Tarime ikianguka bei na wenzetu wakistawi, nani atatuinua?