Ni Nani Aliyemponya Nyumbu?

Wapo watu wenye nia njema, na wengine wenye nia ya biashara, wanaohubiri kwamba Serengeti imebaki kama ilivyotoka mikononi mwa Muumba, na kwamba adui yake ni mwanakijiji wa Tarime au Mugumu mwenye ng'ombe, mbwa na upinde. Kwao, ardhi hupona pale tu watu wanapoondolewa. Fundisho hilo limerudiwa mno, hata baadhi yetu tunalikiri kana kwamba limo katika Kanuni ya Imani. Hatuna budi kulikanusha, maana historia ya nchi yenyewe inalikataa.

Wazungu walipoanza kuichora nchi hii katika ramani, waliikuta imefiwa. Sotoka, iliyoingia kupitia Eritrea mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa na Waitaliano, ilifika kwetu kama mwaka 1890, ikateketeza ng'ombe, nyati na nyumbu. Ndui na njaa vikafuata. Oscar Baumann, aliyepita mwaka 1892, aliandika juu ya Wamasai waliodhoofishwa na njaa. Mahali palipokosa mifugo ya kula majani na watu wa kulima na kuchoma nyasi, vichaka viliota. Vichakani wakaja mbung'o, na pamoja nao malale. Ukimya huo wa msiba ndio uliokuja kuitwa pori la asili. Hifadhi ya Taifa ilipoanzishwa mwaka 1951, wajukuu wa walionusurika wakaanza kuhesabiwa wavamizi.

Sasa tutazame kupona kwenyewe. Mwaka 1961 nyumbu walikadiriwa kuwa 250,000 hivi. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wapata milioni 1.3. Je, waliongezeka kwa sababu ya uzio na bunduki? Hasha. Sotoka ilikuwa ikiishi katika ng'ombe na kuwaambukiza nyumbu, ikiua hasa ndama wao. Ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu kama mwaka 1963. Chanjo iliyokuja kuimaliza sotoka duniani, ushindi uliotangazwa mwaka 2011, ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya. Kweli, mvua za kiangazi za miaka ya 1970 nazo zilisaidia. Nyumbu wengi wakala nyasi nyingi. Nyasi zilipopungua, moto ukakosa cha kuunguza. Moto ulipopungua, miche ya migunga ikapata kukua kuwa miti. Mnyororo wote huo, toka nyumbu hadi mti, ulianzia katika zizi la mfugaji aliyemshika ng'ombe wake pembe ili adungwe sindano. Ni mgeni gani anayepiga picha ya msafara wa nyumbu huambiwa habari za zizi hilo?

Mwaka 1994 karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa distempa, maradhi ya mbwa. Wataalamu wakaenda tena vijijini, safari hii kuchanja mbwa. Mwaka huohuo Ikorongo na Grumeti yalitangazwa kuwa mapori ya akiba, na Waikoma, Wanata na Waisenye wakafungiwa mahali walipozoea kupata nyama, kuni na malisho. Anayehitajiwa ili simba apone ndiye anayefungiwa mlango.

Tutajibiwa kwamba tunatetea ujangili. La. Ujangili upo na ni dhambi. Baada ya mpaka wa Kenya kufungwa mwaka 1977, vifaru wa kaskazini karibu waishe, na nyati wakapungua vibaya. Lakini mfanyabiashara wa pembe na baba mwenye swala mmoja kwenye chungu si mtu mmoja, na sheria isiyojua kuwatofautisha haijatenda haki.

Tena, wahubiri hao hao hupunguza sauti wafikapo Nyamongo. Mgodi wa North Mara ulianza mwaka 2002. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini na kuingia Mto Tigithe; kampuni ikasema plastiki ya kuzuia maji iliibiwa. Aliyeiba atahukumiwa kwa wizi wake, lakini aliyeweka sumu juu ya mto wa watu alipaswa kuilinda. Mto Tigithe hauwezi kuponywa kwa kumfukuza anayeunywa. Kama sotoka ilivyong'olewa ilikojificha, ndivyo sumu inavyopaswa kuzuiwa inakotoka.

Tusome Walawi sura ya 25. Mungu anaamuru ardhi ipumzike mwaka wa saba; na katika mwaka wa hamsini, wa Yubilei, ardhi inapumzika tena na kila mtu anarudi katika urithi wa jamaa yake. Amri hizo mbili zimo katika sura moja. Wanaoshika ya kwanza na kuifuta ya pili wanasoma nusu ya ukurasa.

Kwa hiyo twadai kwamba chanjo na majosho katika vijiji vinavyopakana na hifadhi vigharimiwe kutokana na mapato ya utalii, maana ndivyo vilivyouleta utalii huo. Twadai kifuta jasho kilipwe kabla ya msimu wa kupanda unaofuata, mkulima angali na haja ya mbegu. Twadai pia kwamba matokeo ya upimaji wa maji ya Tigithe yabandikwe, kwa Kiswahili, katika ofisi za vijiji. Jumuiya Ndogo Ndogo ziandike tangu sasa, kwa tarehe na ekari, kila shamba lililoliwa na tembo, na kuleta orodha hizo kwa Tume ya parokia.