Mitambo ya LoRa: Bei ya bodi isimponze mnunuzi

BODI ndogo za redio za LoRa sasa zinapatikana kwa kati ya dola 20 na 40 za Marekani, na bei hiyo ndiyo inayowavuta wafanyabiashara wadogo wadogo kuagiza kabla ya kupiga hesabu. Hapo ndipo mtaji unapoanza kupotea, kwa kuwa bodi ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kituo kinachofanya kazi.

LoRa ni mbinu ya kurusha ujumbe mdogo kwenda mbali kwa nguvu kidogo. Ilibuniwa na kampuni ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, ambayo ilinunuliwa na Semtech ya Marekani mwaka 2012. Tangu mwaka 2020 imekuwapo programu ya bure iitwayo Meshtastic, inayozigeuza bodi hizo kuwa vituo vya kupokezana: ujumbe wa shambani hudakwa na kituo kilicho mlimani, nacho hukipasia cha ghalani, bila laini ya simu wala bando.

Kinachouzwa hapa si intaneti. Anayekumbuka Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikasuasua Tanzania na Kenya, asidhani amepata mbadala. Ujumbe mmoja ni takribani herufi 200, na kasi yake ni kama kilobiti moja kwa sekunde. Inatosha kuuliza magunia mangapi yamebaki. Haitoshi kutuma picha ya risiti, na muuzaji asiyemweleza mteja hivyo atarudishiwa mali yake.

Jambo la kwanza kutazama ni masafa. Bodi huuzwa kwa megahezi 433, 868 au 915. Nyingi za 868 na 915 ni zile zile, tofauti ikiwa antena na mpangilio wa programu. Ya 433 ni bidhaa nyingine kabisa na haisikilizani na hizo mbili. Marekani hutumia 915. Lakini Afrika imo kanda moja na Ulaya katika mgawanyo wa kimataifa wa masafa, na huku megahezi 890 hadi 915 ndimo simu za mkononi zinamotumia kuwasiliana na minara. Kituo kilichoachwa katika mpangilio wa kawaida wa Marekani hurusha kwenye 906.875, yaani katikati ya njia ya wenye leseni. Aliye Tanzania aulize TCRA kuhusu masafa na uidhinishaji wa vifaa kabla ya kulipa. Wa Kenya aulize Mamlaka ya Mawasiliano ya huko. Barua moja ni nafuu kuliko katoni iliyokwama bandarini.

Baada ya hapo ni umeme, na hapa ndipo wengi hudanganywa na sura. Bodi zinazopendwa dukani, kama Heltec V3 yenye kioo na T-Beam yenye GPS, hutumia chipu ya ESP32. Kwa makadirio, bodi ya namna hiyo hula miliampia 100. RAK4631, inayotumia chipu ya nRF52840, hula takribani 10. Betri ya miliampia-saa 3,000 itaiwasha ya kwanza saa 30, na ya pili karibu siku 12. Mvua zikinyesha siku nne mfululizo na sola isipate jua, moja itakuwa imezima tangu siku ya pili na nyingine itakuwa hewani. Iliyozima iko juu ya mnazi au mnara, na fundi wa kupanda hulipwa kila anapopanda.

Kwa hiyo ESP32 inafaa dukani penye umeme, na nRF52840 ndiyo ya juu ya paa, hata ikizidi bei. Kulipia GPS kwa kituo kisichohama ni kununua saa ya mkononi kwa ajili ya ukutani.

Betri nazo zina walanguzi wake. Betri za 18650 zilizoandikwa 9,900 zimejaa sokoni. Hakuna betri ya ukubwa huo yenye uwezo huo. Nzuri huwa kati ya 2,500 na 3,500. Aidha, soketi ya betri ikaguliwe kwa mita kabla ya kuchomekwa, kwani baadhi ya betri huja na chanya na hasi zikiwa zimegeuzwa, na bodi huungua papo hapo.

Antena ndiyo inayostahili fedha iliyobaki. Chipu ya SX1262 iliyomo katika bodi nyingi za sasa hutoa nguvu isiyozidi desibeli 22 za miliwati, chini kidogo ya miliwati 160, na mita sita za waya wa RG58 humeza karibu nusu yake. Afadhali sanduku la bodi lipandishwe hadi ilipo antena, waya uwe mfupi. Umbali wa zaidi ya kilometa 200 umewahi kufikiwa, lakini kutoka vilele vya milima vinavyoonana. Mjini kati ya maghorofa, kilometa chache si haba. Tena bodi isiwashwe kamwe bila antena, maana redio yenyewe inaweza kuharibika.

Kwa anayefikiria kuunda vituo na kuviuza, mtaji wa kuanzia uwe wa vituo vitatu: cha dukani, cha juu ya paa, na cha mkononi. Vikae msimu mmoja wa mvua kabla ya kuagiza katoni. Sanduku lipakwe rangi nyeupe na liwekwe kivulini nyuma ya paneli ya sola, kwani betri ya lithiamu iliyofungiwa kwenye jua la pwani huchakaa mapema, na mteja atakayelalamika ni yule aliyeuziwa mwanzo.