Kinachokujenga ni yoga, si lile joto

Unadhani bila studio ya yoga ya joto huwezi kunufaika? Hapana. Studio hizo hupasha chumba joto hadi nyuzi 40 hivi, na jasho hutiririka kweli. Lakini utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa 2018 ulilinganisha mazoezi hayo kwa wiki 12, kundi moja kwenye joto, jingine chumba cha kawaida. Mishipa ya damu ilitanuka vizuri zaidi kwa makundi yote mawili.

Kwa hivyo wikendi ukishuka ushago Kalama, tandika leso nje asubuhi. Nyoosha mgongo, vuta pumzi polepole, akili itulie. Jua la saa saba liepuke, si mchezo. Kunywa maji, na ukisikia kizunguzungu, acha, kaa kivulini. Afya haina kiingilio.