Mita Moja Iliyopotea Mlimani

Juma hili twataka kusema habari ya hesabu, tena ile hesabu ya pembetatu inayowatoa wanafunzi wengi jasho. Msilikunje gazeti upesi, maana jambo lenyewe lahusu viwanja vyetu, na amani kati ya jirani na jirani.

Mji wa Butembo umejengwa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na mwenye kiwanja cha tambarare huko ni mtu wa bahati. Basi tutoe mfano. Mjane mmoja ana kiwanja mteremkoni. Cheti chake chasema kwamba urefu wake ni mita 24. Siku moja jirani wa chini analeta mita ya utepe, anailaza juu ya udongo kutoka kigingi cha juu mpaka kigingi cha chini, anasoma: mita 25. Anapaza sauti: «Mama, cheti chako chasema 24, nawe umeshika 25. Umesogeza kigingi, umeniibia mita moja!» Mjane aapa kwamba hakugusa kitu. Watu wakusanyika, na kila mmoja ashika upande wake. Je, nani asema kweli?

Kabla ya kuhukumu, twende kwanza kwa fundi mwashi. Akitaka kuweka msingi wa nyumba, afanyeje ili pembe zake ziwe sawa? Hupigilia kigingi penye pembe, hupima mita 3 upande huu na mita 4 upande ule, kisha hunyosha kamba kati ya ncha zile mbili. Kamba ikiwa mita 5 kamili, pembe ni mraba. Ikizidi, pembe imepanuka; ikipungua, imebana. Mafundi wa Beni na Butembo wafanya hivyo kila siku, na wengine wao hawakuketi darasani hata miaka sita.

Mwanafunzi naye huifahamu kanuni ile kwa maneno mengine. Katika daftari yake imeandikwa hivi: katika pembetatu mraba, mraba wa upande ule mrefu ulio mkabala wa pembe mraba ni sawa na miraba ya pande mbili nyingine ikijumlishwa. Mara tatu tatu ni 9. Mara nne nne ni 16. Jumla yake ni 25, yaani mara tano tano. Daftari na kamba vyasema neno moja.

Kanuni hiyo huitwa kwa jina la Pythagoras. Mtu huyo alizaliwa katika kisiwa cha Samos, katika nchi ya Wayunani, yapata miaka 570 kabla ya Kristo. Baadaye alihamia Croton, upande wa kusini wa Italia, akakusanya wanafunzi walioishi pamoja kama ndugu kwa sheria kali. Yeye mwenyewe hakuacha kitabu hata kimoja. Twasimuliwa kwamba wanafunzi wake walipobishana, mmoja alimaliza ubishi kwa kusema, «Mwenyewe alisema,» na wote wakanyamaza.

Lakini si yeye aliyekuwa wa kwanza kuzijua namba hizo. Kuna kibao cha udongo kilichoandikwa Babeli yapata miaka 1,800 kabla ya Kristo, ambacho sasa kimehifadhiwa New York. Namba zilizopangwa ndani yake zatii kanuni hiyo hiyo. Wala tusidhani kwamba kuhesabu kulikuja kwetu kwa meli. Huko Ishango, katika eneo la Beni, mahali ambapo mto Semliki watoka katika Ziwa Edward, mtaalamu wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alifukua mnamo mwaka 1950 mfupa mdogo uliochanjwa alama kwa safu tatu. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Katika safu moja alama zimepangwa 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Mfupa huo umewekwa Brussels. Wataalamu hawajapatana kama ulikuwa wa hesabu, au wa kufuata siku za mwezi, au wa kazi nyingine. Hata hivyo watu wa kando ya ziwa letu walikuwa wakipanga alama kwa uangalifu zamani sana kabla ya Samos na Babeli.

Basi, Wayunani waliongeza nini? Waliongeza uthibitisho. Hawakuridhika kusema, «Ndivyo tulivyozoea kufanya.» Waliuliza: kwa nini haina budi kuwa hivyo daima? Euclid, aliyefundisha katika mji wa Alexandria, Misri, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, aliithibitisha kanuni katika hoja ya 47 ya kitabu chake cha kwanza. Katika hoja ya 48 alithibitisha kinyume chake: pande tatu zikitii kanuni, pembe yapasa kuwa mraba. Hiyo ya 48 ndiyo ya fundi mwashi na kamba yake.

Ninyi nanyi mwaweza kujithibitishia nyumbani. Kateni katika karatasi ngumu pembetatu mraba nne zilizo sawa, zenye pande fupi za sentimita 3 na 4. Upande wa tatu msiupime kwanza. Choreni mraba mkubwa wenye upande wa sentimita 7, yaani 3 na 4 pamoja. Wekeni pembetatu moja katika kila pembe ya mraba huo, hivi kwamba kila upande wa mraba uguswe na 3 ya pembetatu moja na 4 ya nyingine. Katikati patabaki mraba ulioinama, na kila upande wake ndio ule upande mrefu msioupima.

Sasa ziondoeni, mziunganishe mbili mbili ziwe mistatili miwili. Wekeni mstatili mmoja katika pembe moja, na wa pili katika pembe inayoikabili, mmoja ukiwa umelala na mwingine umesimama. Patabaki miraba miwili: mmoja wa 3 na mmoja wa 4. Mraba mkubwa haukuongezeka, wala pembetatu hazikupungua. Basi nafasi iliyobaki mara ya kwanza ni sawa na iliyobaki mara ya pili, yaani 9 na 16, ambayo ni 25. Upande mrefu, kwa hiyo, ni 5. Badilisheni vipimo mpendavyo, neno litakuwa lile lile.

Turudi sasa kwa mjane wetu. Wapimaji wa ardhi huandika katika cheti urefu wa bapa, kama unavyochorwa katika ramani, si urefu wa udongo ulioinama. Utepe wa jirani ulilazwa mteremkoni. Huo ndio upande mrefu wa pembetatu. Tuseme kigingi cha juu kimepita kile cha chini kwa kimo cha mita 7. Mara ishirini na tano ishirini na tano ni 625. Toeni mara saba saba, yaani 49. Hubaki 576, ambayo ni mara ishirini na nne ishirini na nne. Urefu wa bapa ni mita 24, sawa na cheti. Kigingi hakikusogezwa. Mita moja haikuibwa. Ililala katika mteremko wa kilima. Asiyeridhika na ashuke mlima ngazi kwa ngazi, akiushika utepe bapa kwa pimamaji, ajumlishe vipande. Atapata 24 vile vile.

Tazameni basi faida ya uthibitisho. Kama mjane angemtegemea shahidi mwenye cheo, jirani angetafuta mwenye cheo zaidi. Lakini hapa mtoto wa shule mwenye daftari na kamba aweza kusimama mbele ya wazee, akatoa hoja ambayo kila mmoja aikague kwa mkono wake. Haihitaji kusema «Mwenyewe alisema,» hata kama mwenyewe ni Pythagoras. Nasi tunaokatazwa kumshuhudia jirani uongo, yatupasa kupima vema kabla ya kumwita mtu mwizi.

Kwa hiyo, wazazi, mtoto akikaa na pembetatu zake jioni, msiseme kwamba apoteza mafuta ya taa. Nanyi wanafunzi, msiikariri kanuni kama kasuku. Nendeni kwa fundi mwashi, mkamwone akinyosha kamba, kisha mwelezeni sababu yake. Yeye atawafundisha mkono, nanyi mtamfundisha hoja.

Tunawaachia swali moja. Katika mteremko mkali zaidi, utepe uliolazwa juu ya udongo wasoma mita 26, na kimo ni mita 10. Cheti chapasa kusema mita ngapi? Hatutachapa jibu juma lijalo. Mkiisha kulipata, likagueni wenyewe.