Pedali ikianguka, soko halitungoji



Katika gazeti hili tumezoea kuandika juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya muhogo. Leo tunaomba ruhusa tuongee juu ya gari. Wengine watauliza: agronome na ambreyaje, wapi na wapi? Jibu letu ni fupi. Mavuno ambayo hayakufika sokoni si mavuno bado.

Wakati wa kiangazi tulikuwa tunafuatilia koperative moja ya bonde la Ruzizi. Wako na Land Cruiser pikapu, ya zamani lakini moteri yake ingali na nguvu. Usiku wakapakia vitunga vya tomate, na kabla ya jua gari ikaondoka kuelekea Bukavu. Kwenye kona za mlima wa Ngomo, shofere akakanyaga pedali ya ambreyaje, ikazama mpaka chini. Vitesi vikakataa kuingia. Gari ikalala pale siku mbili.

Fundi aliyeitwa alisema bwate ya vitesi imekufa, lazima ishushwe. Komite ikakopa pesa. Bwate ikashushwa, ikafunguliwa, ikaonekana nzima. Kumbe ugonjwa ulikuwa mpira mdogo ndani ya silinda ya ambreyaje, kitu kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto. Wakati ule tomate zilikuwa zimekwisha kuoza, na wamama waliozileta walirudi nyumbani na vitunga vitupu, juu ya kichwa deni la mbegu na dawa. Shofere alituambia kwamba pedali ilikuwa laini tangu wiki tatu. Alikuwa anaipiga mara mbili, mara tatu, njo inakubali. Hakuna mtu aliyemuuliza, naye hakujua amwambie nani.

Hapa njo penye neno letu: tusiseme kwamba barabara mbaya ndiyo iliua tomate zile. Ziliuliwa na wiki tatu za kunyamaza.

Tueleze kidogo namna kitu hiki kinavyofanya kazi. Ukikanyaga pedali, unasukuma mafuta ndani ya silinda ya juu, ile iliyo nyuma ya pedali upande wa moteri. Mafuta yanapita katika mrija mpaka silinda ya chini, pembeni ya bwate ya vitesi. Silinda ya chini inasukuma uma, na uma unatenganisha moteri na bwate. Mafuta hayakubali kubanwa, kwa hiyo nguvu ya mguu inafika yote. Lakini hewa inakubali kubanwa. Ikiingia hata kidogo, mguu wako unabana hewa tu, na uma hausogei vya kutosha.

Dalili ni za kusoma kama majani ya mmea. Pedali ikiwa laini, vitesi vikilia wakati wa kuingia, na ukiipiga mara nyingi inarudi nguvu, shaka hewa au mafuta yanayovuja. Tazama chupa ya mafuta ya ambreyaje. Ikiwa imeshuka, inua kapeti chini ya pedali: pakiwa na unyevu, silinda ya juu inavuja. Kisha lala chini ya gari, uvute kidogo kofia ya mpira ya silinda ya chini: mafuta yakitoka, umepata mwizi. Tazama pia mrija wa mpira kama umepasuka au umevimba. Kama hakuna kinachovuja na pedali ingali inazama polepole chini ya mguu, mara nyingi mipira ya ndani ya silinda ya juu imechoka. Lakini kama moteri inapiga kelele na gari haipandi, hiyo ni kesi ingine: diski inateleza, na kutoa hewa hakutasaidia.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Gari isimame mahali sawa, moteri imezimwa, mawe yawekwe kwenye magurudumu. Jaza chupa mafuta ya freni ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi DOT 3. Vika mrija mwembamba unaoonyesha ndani kwenye skrubu ya silinda ya chini, na ncha yake izame katika kopo lenye mafuta kidogo ya freni. Wa kwanza anakanyaga pedali polepole mara kadhaa, kisha anaishikilia chini na kusema "shika". Wa pili anafungua skrubu kidogo. Mafuta na mapovu yanatoka. Anaifunga, anasema "achia", njo wa kwanza anaachia. Tusikosee hapa: pedali ikiachiwa kabla skrubu haijafungwa, hewa inarudi ndani. Kama pedali imebaki chini, iinuliwe kwa mkono. Kila baada ya mara nne au tano, ongeza mafuta. Chupa ikikauka, mnaanza upya. Mnaendelea mpaka mapovu yaishe na pedali iwe ngumu.

Lakini kutoa hewa bila kutafuta mlango ilimopitia ni sawa na kupalilia bila kung'oa mizizi. Kama silinda inavuja, ifunguliwe, mipira ibadilishwe yote pamoja. Sehemu za ndani zisafishwe na alkooli au mafuta mapya ya freni, kamwe si mazuti wala esansi, juu vinaharibu mipira. Ukipitisha kidole ndani ya silinda na kusikia mikwaruzo au kutu, usipoteze mipira mipya; nunua silinda nzima. Na mtu asitie mafuta ya moteri katika chupa ile, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Mipira itavimba, na kazi ya siku moja itakuwa ya wiki.

Kitu kingine ambacho wengi hawajui: mafuta ya freni yanakunywa maji kutoka hewani. Kwa kipimo cha DOT 3, mafuta mapya hayachemki kabla ya digri 205, lakini yakiisha kunywa maji yanaweza kuchemka karibu na digri 140. Maji hayo yanaleta pia kutu ndani ya silinda. Kwa hiyo yabadilishwe kila miaka 2, na chupa iliyokaa wazi miezi mingi katika depo isitumiwe. Yaliyotoka kwenye gari yasirudishwe. Yasimwagwe kwenye mfereji wa shamba pia: ni sumu, na yanakula rangi ya gari.

Tunajua maneno ambayo yatakuja. Wa kwanza atasema: sisi ni walimaji, kila mtu na kazi yake. Ni kweli, na hatusemi mfungue bwate ya vitesi chini ya muembe. Fundi mzuri alipwe, na aheshimiwe. Lakini mwanamemba anayejua kutofautisha hewa, mpira na diski hatakubali kulipa bwate ambayo haijaugua. Wa pili atasema: gari ni ya mradi, mradi utatengeneza. Ndugu, siku gari ilipolala Ngomo, tomate zilikuwa za nani?

Nasi tujikosoe. Sisi tuliotoka katika vyuo vya kilimo tulijifunza udongo na wadudu, tukaja vijijini tukahesabu mavuno kwa hekta, na gari tukaiachia shofere peke yake. Sisi wa miradi tunatoa gari kwa hotuba na picha, bila kuacha hata seti moja ya mipira. Hiyo si zawadi kamili.

Tunapendekeza mambo manne kwa kila koperative yenye gari. Watu watatu wajifunze kazi hii, na mmoja wao awe mama wa komite, juu wamama njo wenye vitunga. Kuwe na sanduku: seti ya mipira ya silinda zote mbili, mafuta ya freni yaliyofungwa, mrija, ufunguo unaoenea kwenye skrubu. Kuwe na kitabu ambamo shofere anaandika kila wiki hali ya pedali na kipimo cha chupa, na komite ikisome. Na kwa kila safari, pesa kidogo itolewe kabla ya kugawana, iwekwe kwa matengenezo, isiguswe kwa mambo mengine.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Koperative ile ya Ruzizi ingali inalipa ukuta wake. Kabla ya msimu ujao, mtu mmoja katika koperative yenu akae kwenye kiti cha shofere, akanyage pedali, na awaambie wengine alichosikia chini ya mguu.