Barua ya Jumuiya na Siri ya Mnyonge

Ndugu waamini, na hasa ninyi viongozi wa halmashauri ya walei,

Kila inapotajwa huduma ya ushauri kwa watu wenye shida, sote tunaitikia. Mjane aliyenyang'anywa kiwanja, mvuvi aliyezama katika madeni, mke anayepigwa: wapate mahali pa kueleza yaliyowasibu, wasikilizwe na mtu mwenye kuijua sheria, wala wasitozwe hata senti. Hakuna anayelipinga hilo. Ubishi huanza pale inaposemwa kwamba mtu huyo asidaiwe barua ya mwenyekiti wa jumuiya, na kwamba atakayoyasema yasitoke nje ya chumba. Hapo tunaambiwa kuwa tunavunja utaratibu. Maneno haya ni jibu kwa wenye kusema hivyo.

Barua hiyo kila mmoja wetu anaijua. Ukitaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa, unapita kwanza kwa kiongozi wa jumuiya, naye anafungua daftari kutazama kama unahudhuria na kama umetoa zaka. Kwa mambo ya sakramenti utaratibu huo una sababu zake, nami siubishii hapa. Lakini kuuhamishia kwenye ushauri wa sheria ni kuiua huduma kabla haijazaliwa. Mwenyekiti atauliza, "Barua ya nini, mama?" Naye mama atajibu nini? Ama aseme, na kabla ya jua kuzama habari yake imekwisha kufika soko la Mwanga. Ama anyamaze na kurudi nyumbani na mzigo wake. Tena akiwa anadaiwa zaka ya miaka miwili, ataambiwa alipe kwanza. Basi hiyo "bure" yetu ina bei. Na jirani yetu Mwislamu, aliyetupiwa vyombo vyake nje na mwenye nyumba, ataleta barua ya jumuiya ipi?

Tazameni shida zenyewe. Mwaka 2024, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Ziwa lilifungwa, lakini madeni hayakufungwa. Wakopeshaji ambao watu wamewapa jina la "kausha damu" waliendelea kuhesabu riba ya kila juma kana kwamba dagaa bado wanaanikwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Mdaiwa anayelijua hilo ana neno la kusema siku watu wanapokuja kubeba godoro na sufuria. Lakini mwanamke aliyekopa bila mumewe kujua hawezi kuja kuliuliza jambo hilo mbele ya benchi lililojaa majirani.

Au mchukueni mke anayefukuzwa baada ya miaka ishirini ya ndoa, akiambiwa kwamba hakununua hata tofali moja la nyumba ile. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kutamka mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Miaka zaidi ya arobaini imepita, na neno hilo halijafika katika nyumba nyingi za mtaa wetu.

Lipo pia jambo zito la mkoa huu, nalo ni uraia. Sisi ni watu wa mpakani. Wapo waliozaliwa hapa hapa, ambao mama zao walivuka kutoka Burundi au Kongo, nao wanahitaji kuuliza sheria inasemaje juu yao kabla ya kujaza fomu yoyote. Neno moja likiponyoka chumbani, likamfikia jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, familia nzima imo mashakani. Kwa watu hawa kutunza siri si suala la adabu tu.

Tusijidai kwamba sisi ndio wa kwanza kuliwaza jambo hili. Sheria ya zamani ya msaada wa kisheria, ya mwaka 1969, ilihusu mashauri ya jinai peke yake. Ile ya mwaka 2017 ndiyo iliyowatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa kawaida waliopewa mafunzo ili waelimishe na kuelekeza, ingawa hawaruhusiwi kumsimamia mtu mahakamani kama wakili. Tena tangu mwaka 2023 ilipozinduliwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, wanasheria wameifuata mikoa na kuwasikiliza watu viwanjani. Tunashukuru. Ila hema hukunjwa na kuondoka, na turubai si ukuta.

Wapinzani wetu husema, "Mwenye haki haogopi watu." Hayo ni maneno ya mtu ambaye hajapigwa. Husema pia kwamba ya jumuiya yaishie jumuiyani, na hapa, ndugu zangu, uvumilivu unanishinda. Ni yapi tuliyoyamaliza? Binti mdogo akibakwa, wazee hukaa kikao, fidia hutolewa, na wote huagana kunyamaza. Siri hiyo tunaiweza sana! Wakati huo huo machozi ya mke aliyepigwa yanasimuliwa kisimani. Tumeigeuza siri juu chini: ya mnyonge tunaitangaza, ya mkosaji tunaifukia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayevunjiwa haki zake wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Kwa hiyo mshauri na amwambie kila ajaye, tangu sentensi ya kwanza, kwamba maneno yake yatatunzwa isipokuwa pale mtoto anapodhuriwa.

Tunachoomba ni kidogo. Chumba kiwe na mlango unaofungwa, mbali na foleni ya ofisi ya parokia. Daftari liandikwe namba badala ya majina, likae kabatini chini ya kufuli, na asilifungue mwenyekiti wala mweka hazina, hata Padre Paroko mwenyewe, ambaye kwa siri ya kitubio anaelewa kuliko sisi sote kwa nini. Mshauri asipokee kitu, hata kuku wa shukrani, maana wa leo huja kwa hiari na wa kesho huja kwa kuulizwa. Na atakayetoa neno nje aondolewe, awe ametumikia Kanisa miaka mingapi.

Halmashauri itakapokaa, suala la barua liwe la kwanza katika ajenda, kabla ya hesabu za mavuno. Na kura zipigwe kwa siri.