Vigari Hivi Viliundwa Vishindane

Januari 1957, kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate, Uingereza, Fred Francis alileta vigari vya bati vyenye mota ya umeme tumboni. Kampuni yake, Minimodels, ilikuwa ikiuza vigari vya springi vya Scalex tangu 1952. Hivi vipya vilifuata mfuo uliochimbwa katika barabara ya mpira, na vipande vya chuma kando ya mfuo vikavipa umeme. Hapo ndipo Scalextric ilipoanza. Mwaka uliofuata Francis aliiuza kampuni kwa Lines Brothers, na kuanzia 1960 bati likaipisha plastiki.

Maserati na Ferrari zile za bati sasa zinasakwa na wakusanyaji, na nyingi zimefungiwa kabatini. Toleo hili linatetea jambo jingine: kigari cha zamani kikishatengenezwa, kirudi barabarani na kishindane kama kilivyoundwa.

Ubora wa matengenezo haujulikani kwa kutazama rangi. Mfano mzuri ni Thunderjet 500, iliyotolewa na Aurora ya Marekani mwaka 1963, kigari kinachoenea kiganjani. Mota yake imelala chali: ekseli yake imesimama wima, na gia ndogo juu ya bamba hupokezana nguvu hadi gurudumu la nyuma. Fundi huanza kwa kuifungua yote. Huondoa mafuta yaliyoganda, husugua shaba iliyoingia kutu ya kijani, hukagua kaboni mbili zinazoigusa mota kwa chini, na hupima waya kwa mita ajue kama mota inahitaji kusukwa upya. Kisha huweka tone moja la mafuta kwenye ekseli, kwa sababu yakizidi yatafika kwenye kaboni na kuharibu mguso. Kazi yote hii hupata jibu kwenye kona ya kwanza. Gia iliyopinda italia, tairi lililokakamaa litateleza, na kigari kitaruka nje ya mfuo.

Wanaopinga wana hoja ya kweli: mbio hula vitu. Kaboni huisha, matairi huchakaa, na bodi ikigonga ukingo hupasuka. Lakini kabati nalo halihifadhi kila kitu. Mpira hukakamaa hata usipoguswa, na mafuta huganda mota isipozunguka. Njia ya busara ni kutenganisha kinacholika na kisicholika. Matairi, kaboni na vigusio vya shaba vibadilishwe kwa vipuri vipya, na vile vya asili vitiwe kwenye mfuko wenye maandishi. Bodi yenye rangi yake ya kiwandani isipakwe upya. Siku ya mbio ifungwe bodi ya nakala. Kigari ambacho hakijawahi kutolewa kwenye boksi lake kiachwe humo, maana hicho ni ushahidi wa namna kiwanda kilivyofanya kazi.

Pasipo na maelewano ni kwenye sumaku.

Katika miaka ya 1970 Aurora yenyewe ilileta Magna-Traction, mfumo ambao sumaku za mota huvuta reli na kukibana kigari chini. Ulikuwa ufundi wa wakati wake, na vigari vilivyozaliwa nao vikimbie nao. Kubandika sumaku kali za leo chini ya kigari cha 1963 ni jambo tofauti kabisa. Kinapita kona kwa kasi ambayo hakikuundiwa, hakiserereki tena, na kidole cha dereva hakina cha kuamua. Mjini Ferndale, California, mashindano ya Fray yamewakutanisha wapenzi wa Thunderjet na nakala zake, na mvuto wake wote uko kwenye vigari vinavyoserereka na kuokolewa na mkono mwepesi.

Kwa hiyo jarida hili linaziomba klabu ziandike kanuni tatu za daraja la vigari vya zamani: sumaku ya kuongezewa isiruhusiwe, kila kipuri kilichobadilishwa kiorodheshwe kwenye kadi inayokwenda na kigari, na bodi za nakala zikubaliwe bila kupunguziwa alama. Ya tatu ina uzito wake, kwa sababu ndiyo itakayowashawishi wenye makabati kuja kushindana.